Jiwe la Ilesi bado limesimama

Ukitoka mjini Kakamega kwa barabara ya Kisumu, kabla hujafika Khayega utapita Ilesi, mahali pa wafinyanzi. Vyungu vimepangwa kando ya lami, na ukitupa jicho pembeni utaliona jiwe lenyewe: nguzo ya mwamba yenye kimo cha mita 40 hivi, na juu yake jabali jingine limeketi kama kichwa juu ya shingo. Waisukha wanaliita Ikhongo Murwi. Wageni wanaliita Jiwe Linalolia, kwa sababu maji huchuruzika kutoka juu yakateremka ubavuni na kuacha michirizi kama ya machozi.

Wageni hupiga picha ya machozi. Mimi kila nikipita naangalia shingo. Jabali lile halikufungwa kwa kamba wala kumiminiwa saruji. Limekaa tu. Limekaa tangu kabla ya babu wa babu zetu kuja kulima bonde hili, na mvua zote za Kakamega, ambazo si haba, hazijaliondoa.

Nchini Marekani yupo mtaalamu wa matetemeko, James Brune wa Chuo Kikuu cha Nevada, ambaye miaka ya 1990 aliamua kusoma mawe ya namna hii. Alizunguka majangwa ya Nevada na California akitafuta majabali yaliyokaa kwa kubahatisha, yale unayodhani ukiyasukuma kwa bega yataporomoka. Hoja yake ilikuwa nyepesi. Mitambo ya kurekodi matetemeko ina takribani miaka 150 tu, lakini jiwe limekuwepo maelfu ya miaka. Kama ardhi iliwahi kutikisika kwa nguvu mahali hapo, jiwe lingekuwa chini. Likiwa bado juu, basi kuna kiwango cha mtikisiko ambacho mahali hapo hapajapata kukiona kwa muda wote huo. Ni shahidi asiyehongeka na asiyezeeka kumbukumbu.

Sisemi kwamba Ikhongo Murwi ni mtambo wa maabara. Nasema tu kwamba ukisimama chini yake, ukakumbuka majabali yaliyobebana huko Maragoli, kisha ukaenda Seme ukaliona Kit Mikayi, mawe yaliyopandiana kwa mtindo uleule, swali linakujia lenyewe. Eneo hili limezungukwa na Bonde la Ufa pande mbili, mashariki na magharibi. Mbona mawe yetu hayajaanguka?

Jibu liko chini ya miguu. Bara la Afrika si kipande kimoja. Mashariki linapasuka, na ufa wenyewe unapofika maeneo yetu hugawanyika matawi mawili. Tawi la mashariki linapita Baringo, Nakuru, Naivasha na Magadi, kisha linaingia Tanzania. Tawi la magharibi linashika ziwa Albert, Edward, Kivu na Tanganyika. Katikati ya matawi hayo kuna pande kubwa la mwamba wa kale, gumu, zito na baridi, ambalo ufa ulishindwa kulipasua ukaamua kulizunguka, mfano wa mto unavyozunguka jabali. Ziwa Victoria limekaa juu ya pande hilo. Kakamega nayo imo, karibu na ukingo wa mashariki.

Wanasayansi huliita bamba dogo la Victoria, na mwaka 2020 kundi la watafiti lililoongozwa na Anne Glerum wa kituo cha utafiti cha Potsdam, Ujerumani, lilieleza kwa nini pande hili linazunguka polepole kinyume na mwendo wa mishale ya saa, ilhali majirani zake hawafanyi hivyo. Matawi mawili ya ufa, moja likivuta huku na jingine kule, yanalisokota kama mtu anavyozungusha penseli katikati ya viganja. Kwa hiyo shamba lako la mahindi la Lurambi linasafiri na kugeuka. Usiogope. Mwendo wa mabamba haya ni wa milimita chache kwa mwaka. Kucha za vidole vyako hukua haraka kuliko hapo.

Ni huo mwendo wa kobe unaozaa tetemeko. Miamba ya pande mbili za ufa inataka kupishana lakini inakwaruzana na kukwama. Mwaka baada ya mwaka nguvu inajilimbikiza, mwamba unapinda kidogo kidogo, kama fito mbichi unayoikunja juu ya goti. Fito haikuambii itavunjika lini. Ikivunjika, inavunjika mara moja, na mikono yote miwili inasikia. Kuvunjika huko, chini kilomita 5, 10 au 40, ndiko tetemeko lenyewe, na kinachofika kwetu ni mawimbi tu.

Mawimbi hayo mtu wa Kakamega anaweza kuyaelewa bila mwalimu. Mvua za alasiri za huku zinakuja na radi. Umeme unamulika kwanza, ngurumo inafuata, na mtoto yeyote anajua kwamba nafasi kati ya mwanga na mlio ikiwa ndefu, radi imepiga mbali. Tetemeko nalo linatuma wajumbe wawili. Wa kwanza ana mbio na hasumbui sana. Husukuma na kuvuta, vyombo kabatini vikalia kidogo na mbwa wakabweka. Wa pili huja nyuma akiyumbisha ardhi upande hadi upande, na huyo ndiye anayebomoa. Kila sekunde moja inayopita kati yao ni umbali wa kilomita 8 hivi kutoka chanzo. Kituo cha Kilima Mbogo, karibu na Thika, hufanya hesabu hiyo mchana na usiku, kikiwa pia sehemu ya mtandao wa dunia unaosikiliza kama kuna nchi imelipua bomu la nyuklia kwa siri.

Hapo ndipo watu wengi hunikatiza: basi kama sisi tumekalia mwamba mgumu, habari hii si yetu. Ni ya watu wa Nakuru.

Ngoja kwanza tuzungumze habari ya dhahabu.

Mwaka 1931 habari zilienea kwamba Kakamega kuna dhahabu, na wazungu walifurika huku wakiwa na sururu, mahema na tamaa. Serikali ya kikoloni, iliyokuwa imeahidi kwa sheria ya mwaka 1930 kwamba ardhi ya wenyeji haitaguswa bila fidia ya ardhi nyingine, iliibadilisha sheria hiyo Desemba 1932 ili wachimbaji wapite. Mgodi wa Rosterman, nje kidogo ya mji, ndio uliovuma zaidi, na hadi leo vijana wanashuka katika mashimo ya Rosterman, Bushiangala na Isulu kwa kamba na tochi ya kichwani. Wanachokifuata chini ni mshipa wa jiwe jeupe. Mchimbaji hababaiki na udongo wala mwamba mweusi. Akiliona jeupe, moyo unamwenda mbio.

Jiwe jeupe lile lilifikaje katikati ya mwamba mweusi? Miamba ya Kakamega ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2 na nusu. Wakati ule hapa hapakuwa pametulia. Ardhi ilikuwa ikikunjwa na kupasuliwa, na kila tetemeko lilipofungua ufa ndani ya mwamba, maji moto yenye madini yalikimbilia humo. Mwaka 2013 watafiti wawili wa Australia, Dion Weatherley na Richard Henley, walionyesha kwa hesabu kwamba ufa ukifunguka ghafla, shinikizo linaporomoka kiasi kwamba maji yale yanageuka mvuke papo hapo na kuacha yalichobeba, dhahabu ikiwemo, ukutani mwa ufa. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, pia Australia, wakaongeza jambo la kushangaza zaidi: jiwe jeupe lenyewe likibanwa na tetemeko hutoa chembe ya umeme, kama kile kibiriti cha gesi kinachotoa cheche ukikibonyeza, na umeme huo huivuta dhahabu iliyoyeyuka majini iganduke. Tetemeko moja chembe moja, jingine chembe nyingine, kwa maelfu ya matetemeko.

Kwa hiyo kila gramu inayouzwa Rosterman ni mabaki ya matetemeko. Utulivu tunaoringia ni wa uzee. Nchi hii ilitetemeka ujana wake wote, na dhahabu ndiyo kiinua mgongo chake.

Nimesema utulivu. Neno hilo lina mipaka yake. Panda Msitu wa Kakamega ukaangalie mashariki: ule ukuta wa Nandi unaosimama kama uzio ni alama ya ufa mkongwe. Shuka kusini hadi Kisumu, na unakuwa umeingia kwenye tawi dogo la Bonde la Ufa linalochepuka kutoka ufa mkuu na kuelekea ziwani; Ghuba ya Winam imekaa ndani yake. Kwa gari ni saa moja na ushee kutoka mjini kwetu.

Na mbele zaidi, takribani kilomita 160 mashariki, iko Subukia.

Januari 6, 1928, ardhi ya Subukia ilipasuka juu ya uso wa nchi kwa urefu wa kilomita 38 hivi. Upande mmoja ulishuka na mwingine ukabaki juu, na mahali pengine ngazi iliyobaki ilikuwa na kimo cha zaidi ya mita 2. Mtu mrefu angesimama chini asione kilichoko juu. Tetemeko lile lilikuwa na ukubwa wa takribani 6.9, na mpaka leo ndilo kubwa kuliko yote yaliyorekodiwa nchini Kenya. Nenda kaulize shuleni ni wanafunzi wangapi wamewahi kusikia habari zake. Tumesahau kwa sababu wakati ule walioishi pale walikuwa wachache, na nyumba nyingi zilikuwa za miti, udongo na nyasi. Tetemeko hilohilo likija leo litaikuta Nakuru yenye maghorofa, na Nyahururu, na miji yote iliyoota kando ya barabara. Bonde halijabadilika tangu 1928. Majengo ndiyo yamebadilika.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo, na nitaisema bila kuzunguka: tetemeko haliui watu wengi. Nyumba ndizo zinazoua. Januari 12, 2010 tetemeko la ukubwa wa 7.0 liliipiga Haiti na kuua zaidi ya watu 100,000. Wiki saba hivi baadaye, Februari 27, Chile ilipigwa na tetemeko la 8.8. Kipimo hiki hakipandi kama bei ya sukari, shilingi kwa shilingi. Kila hatua moja nzima ni nguvu mara 32 hivi. Ukipiga hesabu, tetemeko la Chile lilikuwa na nguvu kama mara 500 ya lile la Haiti. Waliokufa Chile, pamoja na waliochukuliwa na mawimbi ya bahari, walikuwa takribani 500. Chile ilikuwa na kanuni za ujenzi na mafundi waliozifuata. Haiti ilikuwa na zege la kubahatisha.

Lakini sihitaji kwenda Haiti. Jirani yetu ng'ambo ya ziwa anatosha.

Jumamosi, Septemba 10, 2016, saa 9 na nusu alasiri hivi, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliipiga Kagera, kaskazini magharibi mwa Tanzania. Chanzo chake kilikuwa chini sana, takribani kilomita 40, ndani ya ule mwamba wa kale niliousifu hapo juu. Na mwamba wa kale una tabia moja mbaya: kwa kuwa ni mgumu na baridi, haumezi mawimbi. Unayapitisha, kama reli inavyopitisha mlio wa treni iliyo mbali. Tetemeko likasikika Uganda, Rwanda, Burundi na huku Kenya. Kutoka Kagera hadi Kakamega ni karibu kilomita 400, na mjumbe wa kwanza alichukua kama dakika moja tu kufika. Wengi wetu hatukuhisi kitu. Wachache walidhani ni lori la miwa.

Bukoba haikuwa mzaha. Watu wasiopungua 17 walifariki, mamia wakajeruhiwa, na nyumba mamia kwa mamia zikaanguka mjini na vijijini. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya hata zikafungwa. Ilikuwa Jumamosi alasiri, watu wengi wako nje, sokoni, shambani na msibani. Yangekuwa majira ya usiku wa manane, hesabu ya maiti ingekuwa nyingine kabisa. Rais John Magufuli alipowatembelea wakazi Januari 2017 aliwaambia waziwazi kwamba serikali haitamjengea kila mtu nyumba. Yalikuwa maneno mazito kwa mtu anayelala chini ya turubai, lakini ni vyema yasikike hata huku, kwa sababu hakuna serikali ya kaunti yoyote itakayofanya tofauti.

Sasa angalia nyumba zilizoanguka Kagera. Nyingi zilikuwa za tofali za kuchoma zilizounganishwa kwa udongo, au kwa saruji ya kuonjesha, bila vyuma kwenye pembe. Nyumba hizo nazijua. Unazijua. Ni nyumba za Malava, za Butere, za Mumias, za Shinyalu. Tunachoma tofali kando ya mito, tunasimamisha kuta, tunaezeka mabati, na siku ya kuhamia tunakula kuku. Tofali ya kuchoma ni kitu kizuri. Inabeba uzito mkubwa ukiikandamiza kutoka juu. Ukiivuta pembeni ndipo udhaifu wake unaonekana, na kazi ya tetemeko ni kuvuta pembeni. Ukuta mmoja unaegemea huku, mwenzake kule, pembe zinafunguka kama kitabu, kisha paa linakosa pa kushika.

Kuna kichekesho kidogo hapa, japo si cha kucheka. Nyumba ya bibi yangu, ya fito zilizofumwa na kukandikwa udongo, ingeyumba, ikapoteza vipande vya udongo, na pengine ikabaki imesimama, kwa kuwa fito zimefungana na zinajua kupinda. Hata ingeanguka, ni miti na udongo mwepesi. Tulipopata pesa tukaibomoa kwa fahari tukajenga ya tofali. Sitetei umaskini; nyumba ile ilikuwa na mchwa, na kila Desemba ilibidi ikandikwe upya. Nasema tu kwamba tulipandisha uzito wa kuta bila kupandisha ufundi wa kuzifunga pamoja.

Kufunga kwenyewe si kazi ya wahandisi wa kigeni. Fundi yeyote anaijua linta. Shida ni kwamba wengi wanamimina linta juu ya mlango na dirisha tu, vipande vipande, ili kuokoa simiti. Kinachotakiwa ni linta inayozunguka nyumba nzima bila kukatika, ukanda wa zege wenye vyuma ndani, uliofunga kuta zote nne kama mshipi. Pembe zipandishiwe nguzo zenye vyuma. Tofali zilowekwe maji kabla ya kupangwa ili zisinyonye maji ya saruji. Mchanga usiwe na udongo. Na mwisho, dirisha lisikae karibu na pembe, kwa sababu pembe ndiyo mfupa wa nyumba. Gharama inaongezeka, ndiyo. Lakini pesa za geti huwa hatuzikosi.

Kenya si kwamba haina maandishi. Mwaka 1973 Wizara ya Ujenzi ilitoa kanuni za kubuni na kujenga majengo kwa kuzingatia matetemeko, zikiigawa nchi katika kanda kulingana na ukali wa mitikisiko inayotarajiwa. Nusu karne na zaidi. Lakini kanuni haipandishi kuta. Nairobi, Aprili 2016, jengo la ghorofa la Huruma lilianguka usiku wa mvua na kuua watu wapatao 50. Septemba 2019 shule ya Precious Talent ikawaangukia watoto asubuhi. Siku hizo ardhi ilikuwa imelala fofofo. Nchi ambayo majengo yake huanguka yenyewe haina haja ya kuuliza ukubwa wa tetemeko linalokuja.

Nadhani nimewatia hofu baadhi ya wasomaji, nayo si nia yangu. Kwa hiyo nirudi nyuma kidogo. Anayeishi Kakamega ana hatari ndogo kuliko anayeishi Fort Portal, Bundibugyo, Bukavu au Goma. Tawi la magharibi la ufa ndilo kali. Machi 20, 1966 lilitikisa Toro, Uganda, na kuua zaidi ya watu 150. Desemba 1910 lilitoa tetemeko la 7.4 huko Rukwa, miongoni mwa makubwa kabisa yaliyorekodiwa Afrika katika karne iliyopita. Mei 2021, baada ya mlima Nyiragongo kutapika lava, Goma ilitikisika siku kadhaa mfululizo mpaka watu wa sehemu kubwa ya mji wakaamriwa kuhama. Sisi hatuko huko. Mvua inatuua zaidi. Agosti 2007 kilima cha Khuvasali, upande wa Malava, kiliporomoka na kufukia watu, na hakikusukumwa na tetemeko bali na maji yaliyoshiba ndani ya udongo. Lakini mteremko ulioshiba maji hauhitaji kusukumwa sana. Mtikisiko mdogo msimu wa mvua unaweza kufanya kazi ambayo mtikisiko mkubwa hauwezi wakati wa kiangazi, na hilo wachimbaji wanaoshuka kwenye mashimo yasiyo na magogo ya kushikilia kuta wangelifikiria zaidi kuliko mtu mwingine yeyote katika kaunti hii.

Kuna pia uvumi. Kila mtikisiko ukisikika, simu hujaa ujumbe kwamba tetemeko kubwa zaidi litapiga saa nane usiku. Ni uongo, kila mara. Hakuna mtu duniani, awe wa Japani au wa Marekani, anayeweza kutaja siku na saa ya tetemeko. Anachoweza kusema mtaalamu ni kwamba eneo fulani lina uwezekano mkubwa katika miaka 50 ijayo, na kwamba baada ya tetemeko kubwa mitikisiko midogo hufuata kwa siku au wiki. Julai 2007, matetemeko yaliyotokea chini ya mlima Gelai, kaskazini mwa Tanzania, yaliwakimbiza watu wa Nairobi kutoka maofisini mara kadhaa. Uji wa moto, yaani mwamba ulioyeyuka, ulikuwa ukipenya ndani ya ufa; miezi miwili hivi baadaye mlima jirani, Oldoinyo Lengai, ukalipuka. Machi 2018 bonde jembamba likafunguka karibu na Mai Mahiu likakata barabara ya Narok, na magazeti ya ng'ambo yakatangaza kwamba Afrika inagawanyika mbele ya macho yetu. Kweli inagawanyika, lakini lile korongo lilichimbwa na mafuriko yaliyosomba majivu laini ya volkeno yaliyojaa kwenye ufa wa zamani. Afrika itachukua mamilioni ya miaka. Una muda wa kuvuna mahindi.

Lililobaki ni gumu kuliandika katika mji huu. Februari 3, 2020, jioni, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Kakamega walikanyagana kwenye ngazi wakitoka darasani. Watoto wasiopungua 14 walikufa. Hakukuwa na tetemeko, hakukuwa na moto. Kulikuwa na ngazi, msongamano na hofu ya dakika chache. Nimewasikia watu wengi wakishauri kwamba ardhi ikitikisika, kila mtu akimbie nje. Kwa aliye ndani ya nyumba ya chini, hatua mbili kutoka mlangoni, hilo linaeleweka. Kwa watoto 60 kwenye ghorofa ya pili, ushauri huo unaweza kuua wengi kuliko tetemeko lenyewe. Mtikisiko wa kawaida hauzidi dakika moja. Mtoto aliyefundishwa huingia chini ya dawati, hujifunika kichwa, hushika mguu wa dawati na kungoja. Kutoka ni baada ya ardhi kutulia, kwa mstari, mwalimu mbele. Hayo yanafundishwa kwa mazoezi, si kwa tangazo lililobandikwa ukutani.

Nasi tuna bahati ambayo miji mingi ya Kenya haina. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, hapa hapa mjini, kilikuwa miongoni mwa vyuo vya kwanza katika eneo hili kufundisha usimamizi wa majanga kama somo la shahada. Wanafunzi wake wanapanga vyumba kwetu, wanapanda bodaboda zetu, wanakula kwenye vibanda vyetu. Ningependa kuwaona pia katika shule za msingi, muhula mmoja kwa mwaka, wakiwapitisha watoto chini ya madawati na kwenye ngazi, na wakizikagua kuta za madarasa kwa jicho la mtu anayejua anachotafuta. Bunge la kaunti lina uwezo wa kuliomba jambo hilo kwa barua moja.

Wewe msomaji nakuomba dogo zaidi. Kama unajenga mwaka huu, usimngoje mkaguzi. Siku kuta zitakapofika juu ya madirisha, acha shughuli zako, nenda kiwanjani, umwambie fundi linta izunguke nyumba yote. Akikwambia huku hakuna matetemeko, mwambie umesikia, kisha asimamishe kazi mpaka vyuma vifike.